Mikopo ya Serikali kwa Wanafunzi wa Vyuo: Ilikotoka, na Wajibu Wetu

Katika kila ripoti ya mwaka chama chetu hutenga kurasa chache kwa jambo moja linalowahusu wanachama wote. Mwaka huu Halmashauri imeona vema ziandikwe habari za mikopo ambayo Serikali ya Kenya huwapa vijana wanaokwenda vyuoni baada ya masomo ya sekondari. Sababu yake ni hii. Wanachama wengi hutujia wakiuliza jinsi mkopo unavyopatikana. Wachache mno hutuuliza jinsi unavyolipwa. Tena wako wazee miongoni mwetu wanaonena hadharani kwamba fedha hizo ni haki ya mtoto wala hazina haja ya kurudishwa, kwa kuwa wao wenyewe walisoma na hawakudaiwa kitu. Neno hilo lina asili yake, wala si ujinga mtupu; lakini limewaponza wengi. Twaomba basi tusimulie habari hii tangu mwanzo, ili kila mtu aone lilikotoka.

Kabla ya kuwako mkopo

Zamani elimu ya juu ilikuwa mbali kwa njia mbili: mbali kwa mwendo, na mbali kwa fedha. Makerere, kule Uganda, ilianzishwa mwaka 1922 kuwa shule ya ufundi, na hata mwaka 1949 ndipo ilipofungamanishwa na Chuo Kikuu cha London ili iwaandae wanafunzi kwa digrii. Hapa Nairobi, Royal Technical College ilipokea wanafunzi wake wa kwanza mwaka 1956. Kabla ya hapo Mwafrika wa Kenya aliyetaka digrii hakuwa na budi kuvuka mipaka. Peter Mbiyu Koinange alikwenda Marekani mwaka 1927. Eliud Mathu alisoma Fort Hare, Afrika ya Kusini, kisha Uingereza. Julius Gikonyo Kiano alirejea kutoka California mwaka 1956 akiwa na shahada ya udaktari, Mwafrika wa kwanza wa Kenya kuipata.

Je, ni nani aliyelipa? Mara nyingi alilipa baba kwa kuuza ng'ombe au kipande cha shamba. Na asipoweza, walilipa ndugu, ukoo, kanisa, au chama cha watu wa kwao waliokuwa wakifanya kazi mijini. Mwezi wa Septemba mwaka 1959 ndege iliyokodiwa kwa jitihada za Tom Mboya na rafiki zake wa Marekani iliondoka Nairobi ikiwa na wanafunzi 81. Vyuo vya Marekani vilitoa nafasi za masomo, lakini fedha nyingine zilitafutwa nyumbani: palifanywa karamu za chai, na watu wasio na kitu kikubwa wakatoa walicho nacho. Mwaka uliofuata wakfu wa jamaa ya Kennedy ulitoa dola 100,000 kusaidia safari hizo. Miongoni mwa waliokwenda mwaka 1960 alikuwamo Wangari Maathai, ambaye mwaka 2004 alitunukiwa Tuzo ya Nobel ya Amani.

Fedha hizo za nyumbani hazikuandikiwa hati, wala hazikuwa na riba. Hata hivyo zilikuwa deni, na kila aliyezipokea alilijua. Aliyerudi na elimu alitazamiwa kumlipia karo ndugu yake mdogo, na huyo naye amlipie mwingine. Asiyefanya hivyo hakushtakiwa mahakamani, lakini hakuweza kuketi kwa raha mbele ya wazee. Twataka wanachama walishike jambo hili, maana ndilo shina la habari yote: deni la masomo halikuletwa kwetu na Serikali. Lilikuwako kabla yake.

Wakati huo huo, mwaka 1952, Serikali ya kikoloni ilikuwa imeanzisha Mfuko wa Mikopo ya Elimu ya Juu kwa Wakenya waliokwenda kusoma nje ya Afrika ya Mashariki, kama vile Uingereza, Marekani, Bara Hindi na Afrika ya Kusini. Hapo ndipo deni la masomo lilipoanza kuandikwa katika vitabu vya Serikali.

Miaka ya elimu ya bure

Uhuru ulipofika mwaka 1963 nchi ilikuwa na haja kubwa ya watu wenye elimu. Mabwana shauri, waganga, wahandisi na walimu wa Kizungu walikuwa wakiondoka, na viti vyao vilitaka watu. Mwaka huo huo Chuo Kikuu cha Afrika ya Mashariki kiliundwa, chenye matawi Makerere, Nairobi na Dar es Salaam. Na mwaka 1970 kilipogawanyika, Chuo Kikuu cha Nairobi kikasimama peke yake. Katika miaka hiyo Serikali ilimlipia mwanafunzi masomo, chakula na malazi.

Basi mzee asemaye kwamba alisoma bila kudaiwa asema kweli. Lakini aghalabu husahau sharti moja. Mwanafunzi aliyelipiwa na Serikali alifungwa kuitumikia katika kazi za umma kwa muda usiopungua miaka 3 baada ya kuhitimu. Nchi haikumdai shilingi, bali ilimdai kazi, naye akailipa kwa kufundisha, kutibu, au kuketi katika ofisi ya wilaya iliyo mbali na kwao. Tena kazi yenyewe ilikuwa ikimngoja. Kijana wa leo hana bahati hiyo, na si haki kumpima kwa kipimo cha wakati ule.

Mkopo wa 1974 na kosa lake

Kufikia mwaka 1974 mzigo ulikuwa umezidi nguvu za Hazina. Wanafunzi walikuwa wakiongezeka kila mwaka, na bei ya mafuta iliyopanda ghafula mwishoni mwa 1973 ilikuwa imeitikisa nchi nzima. Ndipo Serikali ilipoanzisha Mpango wa Mikopo ya Wanafunzi wa Vyuo Vikuu, kwa Wakenya waliosoma Nairobi, Makerere na Dar es Salaam. Serikali iliendelea kulipa gharama za mafundisho. Mkopo ulikuwa wa malazi, chakula, vitabu na matumizi mengine. Mwanafunzi angelipa baada ya kupata kazi, na fedha zilizorudi zingemkopesha mwingine, kama maji ya mfereji mmoja yanavyopita shamba hata shamba.

Nia ilikuwa njema. Lakini mfereji haukuchimbwa mpaka mwisho. Hapakuwa na sheria yenye nguvu ya kudai fedha hizo. Mwajiri hakulazimishwa kukata kitu katika mshahara, wala kumtaja mfanyakazi wake aliyekopa. Aliyehama wilaya, au kuacha kazi ya Serikali akaingia katika kampuni, alitoweka katika vitabu. Nao wanafunzi wenyewe walizipokea fedha zile mikononi mwao kila muhula, wakazipa jina la «boom», wakazihesabu kuwa posho. Neno mkopo lilibaki katika karatasi tu.

Mwaka 1991 wataalamu wawili wa uchumi, Albrecht na Ziderman, walitoa uchunguzi walioufanyia Benki ya Dunia kuhusu mikopo ya wanafunzi katika nchi nyingi. Kwa hesabu yao, katika kila shilingi 100 zilizokopeshwa Kenya, Serikali ilipata hasara ya kadiri ya shilingi 103. Msomaji atashangaa: mtu awezaje kupoteza zaidi ya alichotoa? Jibu ni kwamba waliolipa walikuwa wachache mno, na mishahara ya makarani na gharama za ofisi ziliongezwa juu ya fedha zilizokwisha kupotea. Maana yake ni kwamba Serikali ingalipoteza kidogo zaidi kama ingalizitoa fedha zile bure.

Twalikumbusha jambo hili si kwa kuwaaibisha waliosoma wakati ule. Wengi wao hawakuambiwa waziwazi namna ya kulipa, wala mahali pa kulipia. Twalikumbusha kwa sababu hasara hiyo iliwaangukia waliokuja baadaye. Chuo Kikuu cha Moi kilianzishwa mwaka 1984, cha Kenyatta mwaka 1985, na cha Egerton mwaka 1987. Na mwaka 1990 vijana wa kwanza wa mpango wa 8-4-4 wakabisha hodi vyuoni kwa wingi usiopata kuonekana. Mfuko ambao ungaliwasaidia ulikuwa mtupu. Mwaka 1991 Serikali ikatangaza kwamba gharama za vyuo vikuu zitagawanywa baina yake na wazazi, na wanafunzi wakaanza kutozwa ada ya masomo. Mzazi maskini wa mwaka 1991 alilipa sehemu ya deni ambalo tajiri wa mwaka 1980 hakulirudisha.

Sheria ya 1995

Mwezi wa Julai mwaka 1995 iliundwa kwa sheria Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, ambayo wengi huijua kwa jina la HELB, ikapewa kazi mbili: kukopesha wanafunzi wapya, na kuyafuata madeni yote ya zamani. Safari hii mfereji ulichimbwa. Mwajiri alipewa wajibu wa kuiarifu Bodi anapomwajiri mtu mwenye deni, na kukata kiasi kinachotakiwa katika mshahara wake kila mwezi. Mkopaji alipewa mwaka mmoja wa kupumua baada ya kumaliza masomo, kisha aanze kulipa. Riba ya mkopo wa digrii ya kwanza iliwekwa kuwa asilimia 4 kwa mwaka, ambayo ni ndogo sana ikilinganishwa na riba ya benki zetu.

Hesabu ya wakati ule ilikuwa hivi. Gharama ya mwanafunzi mmoja katika chuo kikuu cha umma ilikadiriwa kuwa shilingi 120,000 kwa mwaka. Serikali ilitoa 70,000, zikabaki 50,000 za mwanafunzi na wazazi wake. Katika hizo 50,000, aliyekuwa na haja kubwa aliweza kupata mkopo wa hata shilingi 42,000 na msaada usiolipwa wa hata shilingi 8,000. Hivyo mtoto wa mtu asiye na kitu aliweza kusoma mwaka mzima pasipo baba kuuza shamba. Wako wanachama wetu ambao watoto wao ni walimu, wauguzi na mahakimu leo kwa njia hiyo. Msaada wa namna hii haufai kudharauliwa.

Baadaye mlango ulipanuliwa kwa vijana wa vyuo vya ufundi, ambao kwa miaka mingi walikuwa wamesahauliwa. Mwaka 2018 ada ya vyuo hivyo vya umma ilipangwa kuwa shilingi 56,420 kwa mwaka. Serikali ililipa 30,000, na kwa zile 26,420 zilizobaki mwanafunzi aliweza kuomba mkopo wa hata shilingi 40,000, ili apate na fedha za chakula na malazi. Fundi wa umeme na fundi wa mabomba wakahesabiwa kuwa watu wa kusaidiwa sawasawa na wakili.

Mzigo wa faini

Lakini sheria ile ile ina makali yake. Asiyelipa baada ya mwaka wake wa kupumua hutozwa faini ya shilingi 5,000 kila mwezi. Na tuhesabu. Kijana aliyekopa shilingi 42,000 kwa miaka 4 ana deni la shilingi 168,000. Riba ya asilimia 4 juu ya fedha hizo ni shilingi 6,720 kwa mwaka, yaani 560 kwa mwezi. Mtu mwenye mshahara aweza kuibeba. Faini ya 5,000 kwa mwezi ni karibu mara 9 ya riba hiyo. Katika muda usiofika miaka 3 faini peke yake hulifikia deni lote la masomo.

Kwa mtu mwenye mshahara mnono anayejificha, adhabu hiyo yaweza kuwa ya haki. Kwa mtu aliyetafuta kazi miaka 5 asiipate, ni mzigo usioinulika. Tena kazi nyingi za umma zilikuwa zikimtaka mwombaji alete hati ya Bodi kuonyesha kwamba amelipa au anaendelea kulipa. Hivyo asiye na kazi hakuwa na cha kulipa, na asiyelipa alikosa hati ya kumpatia kazi. Hapo ndipo wahenga walipomalizia neno lao: kukopa harusi, kulipa matanga.

Mahakama Kuu ililitazama jambo hili mwaka 2022, ikaamua kwamba riba na faini zikijumlishwa zisilipite deni la asili. Bodi yenyewe nayo zaidi ya mara moja imetangaza muda wa msamaha, ambapo faini zilipunguzwa au kufutwa kwa waliojitokeza kulipa deni lao. Mambo hayo mawili hayajulikani vya kutosha vijijini, na hofu ya deni lililokua imewafanya vijana wengi wakimbie ofisi ambazo zingewasikiliza.

Mpango wa 2023

Mwezi wa Mei mwaka 2023 Serikali ilitangaza mpango mwingine. Badala ya kuvipa vyuo vikuu kiasi fulani kwa kila mwanafunzi, ikasema itampima kila mmoja kwa uwezo wa nyumba yake, kisha impe fungu la msaada usiolipwa na fungu la mkopo. Mwaka 2024 madaraja yalikuwa 5. Wa daraja la kwanza, walio maskini zaidi, walipangiwa msaada wa asilimia 70 ya ada, mkopo wa asilimia 25, na asilimia 5 kutoka nyumbani. Wa daraja la tano walipangiwa msaada wa asilimia 30, mkopo wa asilimia 30, na asilimia 40 kutoka nyumbani.

Kumsaidia maskini kuliko tajiri ni jambo jema, wala hapana mtu wa haki atakayelipinga. Ugumu ulikuwa katika kupima. Wazazi wengi walilalamika kwamba mtoto wa mchuuzi aliwekwa daraja moja na mtoto wa mwenye maduka. Na kwa kuwa ada sasa ilitajwa kwa gharama yake kamili, kosa la daraja moja liliweza kumletea mzazi hati ya malipo asiyoiota. Mwezi wa Desemba mwaka 2024 Mahakama Kuu iliamua kwamba mpango huo haukupatana na Katiba, na Serikali ikakata rufani. Lolote litakaloamuliwa, mkopo hautaondoka. Kila mpango tangu mwaka 1974 umeuweka mahali pake, na fungu la mwanafunzi limezidi kukua.

Yatupasayo

Kwa hayo yote, Halmashauri yawashauri wanachama mambo yafuatayo.

Kwanza, mzazi na mtoto waisome hati ya mkopo pamoja kabla ya kukubali. Maombi siku hizi hufanywa kwa simu au kompyuta, na kidole hukubali upesi kuliko akili. Kila mwaka na iandikwe katika daftari la nyumbani fedha iliyopokewa, ili deni lisije likawa jambo la kushtukiza.

Pili, anayetiwa jina lake kuwa mdhamini ajue kwamba udhamini si salamu. Ajiulize kama yu tayari kufuatwa, na amwulize kijana habari za deni hata baada ya masomo.

Tatu, fedha za matumizi zitumike kwa chakula, malazi na vitabu. Wako wazazi ambao huzingoja fedha hizo ili waezeke nyumba au walipe karo ya wadogo. Twajua shida zao. Lakini mwanafunzi mwenye njaa hafuzu, na asiyefuzu bado atadaiwa.

Nne, aliyemaliza masomo aiarifu Bodi hali yake, awe na kazi au asiwe nayo. Akipata kibarua, aombe kulipa kidogo kidogo. Deni linalozungumzwa huwa na mwisho. Deni linalokimbiwa hukua gizani.

Tano, aliyeajiriwa asidhani kwamba kukatwa mshahara ndiyo kulipa. Aangalie kila mara kama mwajiri amezipeleka fedha zile, na atunze hati zake za mshahara mpaka siku ya kupewa hati ya kumaliza deni.

Kwa upande wa Serikali twaomba mambo mawili, kwa heshima na bila kuficha. Fedha za mkopo zifike mwanzoni mwa muhula. Zikichelewa, kijana hukopa kwa wachuuzi, akawa na madeni mawili badala ya moja. Na faini isianze kuhesabiwa juu ya mtu aliyethibitisha kwamba hana kazi. Sheria iliyotungwa kumkamata anayejificha haifai kumvunja anayetafuta.

Wanachama wapendwa, dawa ya deni ni kulipa, na wazee wetu waliijua dawa hiyo kabla ya Bodi, kabla ya Uhuru, na kabla ya mfuko wa 1952. Shilingi anayoirudisha mwalimu wa leo haiendi kupotea katika Hazina. Imewekwa kwa ajili ya kijana ambaye hivi sasa yuko kidato cha nne, na huenda kijana huyo ni wa nyumba ya jirani. Waliosoma bure walilipa kwa utumishi, waliochangiwa karamu za chai walilipa kwa kuwasomesha wadogo zao, na waliokopa hawana budi kulipa kwa fedha. Ofisi ya chama itaendelea kuwa wazi kila Jumamosi kwa wote wanaotaka kusaidiwa kujaza maombi, kuandika barua kwa Bodi, au kuhesabu deni lililobaki. Waje bila haya, waliolipa na wasiolipa pia.